Ulimi wa Mpika Halwa

Mzee Abdulsamad ni jirani yangu wa ukuta. Ukuta wenyewe ni mfupi, marehemu mume wangu na yeye waliujenga kwa kuchangiana, na kwa miaka yote niliyokaa hapa Temeke umepitisha sahani nyingi kuliko ulivyozuia wezi. Mimi naitwa Kokushubila, mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba. Yeye ni Mwarabu wa hapahapa Dar. Babu yake alianza kupika halwa kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba ile, baba yake akapika, naye akapika. Ndugu yake mmoja alijaribu duka la vipuri vya magari, akaangukia pua. Wengine wakabaki na sufuria.

Namweleza mapema kwa sababu watu wa mtaa wameshaanza kumgeuza mtakatifu, kama wanavyomfanyia kila mgonjwa. Si mtakatifu. Ni mbishi, hapendi kelele za watoto, na anaamini kwamba sisi watu wa bara ulimi wetu uliharibiwa na ndizi. "Mwalimu," huniambia, "nyie mkipewa kitamu mnauliza mchuzi uko wapi." Mimi nina kisukari, halwa yake sijaila kwa miaka mingi, na hilo analichukua kama tusi kwa ukoo wake. Sahani ikija kwangu inaliwa na wajukuu. Nikimrudishia tupu namwambia wamemaliza, naye hujibu kwamba watoto humaliza hata udongo.

Mkewe anaitwa Zubeida. Katika nyumba ile kuna desturi ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo mambo haya yasingetokea. Mpika halwa hahukumu halwa yake. Wakati wa kukoroga anaweza kuonja atakavyo, aongeze iliki, apunguze zafarani, lakini sufuria ikishashuka motoni kazi ya ulimi wake imekwisha. Kisahani cha kwanza anapelekewa mwanamke mwenye nyumba, pamoja na kikombe kidogo cha kahawa chungu. Anakula, anakunywa, ananyamaza kidogo, halafu anasema imekubali au imekataa. Ikikataa haiuzwi hata kipande. Inagawiwa bure kwa majirani, na mpishi habishi. Abdulsamad, anayebishana na muadhini juu ya saa, hajawahi kubishana na Zubeida juu ya kisahani. Kwa ndoa yao yote, kabla ya ugonjwa, Zubeida aliikataa mara moja tu, iliki ilipokuwa ya zamani, na siku hiyo mumewe alimshukuru mbele ya watu.

Kikohozi cha Abdulsamad kilianza kama kikohozi. Kikavu, hakileti kitu, hakiondoki. Alisema ni moshi wa kuni, akakohoa mwaka mzima kwa maelezo hayo. Kisha tukaanza kumwona anasimama katikati ya uwanja na ndoo ya maji mkononi, ametulia, kana kwamba kuna mtu amemwita. Binti yao Khulud anafanya kazi kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo kule Kurasini na anakaa na mumewe Goba. Alikuja Jumapili moja akamwona baba yake anavyohema naye amekaa tu mkekani. Hakuuliza. Wiki hiyohiyo alimpeleka hospitali.

Nilikwenda nao, kwa sababu Zubeida aliniita ukutani. "Mwalimu, twende wote. Wewe unaelewaga maneno yao. Mie nikiwa na hofu sisikii kitu."

Daktari aliitwa Didas, kijana mpole wa Moshi. Alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Akashika vidole vyake akavitazama, ncha zimevimba, jambo ambalo sote tulidhani limetokana na kushika mwiko. Akamtuma kwenye vipimo, na tuliporudi kupokea majibu alifunga mlango kwanza. Daktari akishafunga mlango, mtu mzima anajua.

"Mzee, mapafu yako yana makovu," alisema. "Ngozi ikiungua inaacha kovu gumu, siyo? Sasa humo ndani kuna makovu ya namna hiyo, na yanaendelea kuongezeka. Chanzo chake hasa hatukijui. Moshi wa miaka yote hiyo haujakusaidia, ila siwezi kukuambia ndio uliofanya."

"Dawa ipo?"

"Ipo."

"Itayaondoa?"

"Hapana. Kovu likishakuwa kovu limekuwa. Dawa inayachelewesha. Yale yaliyokuwa yaende mbio, yaende polepole."

"Kwa hiyo nikinywa sitapona."

"Hutapona, Mzee. Utapata muda zaidi."

"Na nitajuaje kama inafanya kazi?"

Didas alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nampa heshima yake. "Hutajua," alisema. "Hutajisikia nafuu. Tutajua sisi kwa kupima, na hata sisi tutakachokiona ni kwamba hali haijashuka sana."

Abdulsamad alitikisa kichwa taratibu. Zubeida alikuwa anaangalia kalenda ukutani. Mimi nilikaa nikisubiri nihisi huzuni, maana ndiyo iliyostahili, lakini haikuja. Tulitoka, tukapanda bajaji, tukaongea habari za mvua mpaka nyumbani.

Masharti yalikuwa haya. Vidonge mara tatu kwa siku, katikati ya chakula, kamwe si kwa tumbo tupu. Ajikinge na jua, kwa sababu dawa ile inafanya ngozi iungue upesi. Apimwe damu mara kwa mara waone ini linavyostahimili. Na moshi auache kabisa. Kwa hilo la mwisho alijibu "inshallah", na yeyote aliyewahi kukaa na watu wa pwani anajua inshallah ile ilikuwa ya aina gani.

Dawa aliitafuta Khulud. Haipatikani kila duka na inaukamua mshahara wake, basi, sitaki kuingia huko. Alinunua pia jiko kubwa la gesi ili baba yake aachane na kuni. Mzee alilipokea, akalisifu, akalitumia kukaangia mayai. Alisema gesi inaunguza chini na kuacha juu mbichi, na kwamba halwa ya gesi wawalishe maadui.

Lakini kwa vidonge hakuwa mbishi. Alivimeza kama alivyoambiwa. Alipoanza kurudi kutoka msikitini mchana akiwa na shingo nyekundu, alichukua mwavuli wa Zubeida wenye maua ya waridi akawa anatembea nao barabarani, na vijana wa bodaboda wakicheka hakugeuka. Kichefuchefu kilipomshika alikula kidogokidogo, makusudi, tonge moja baada ya jingine, ili vidonge vipate pa kukaa. Wakaja wenye ushauri. Huyu na habasoda, yule na asali ya nyuki wadogo, mwingine na mizizi ndani ya chupa ya soda, na kila mmoja ana shemeji yake aliyepona kabisa. Natamani siku moja nikutane na hao mashemeji wote wanaoponaga. Nilitaka kuwatoa watu wale kwa ufagio. Yeye aliwasikiliza kwa uso uleule, akawashukuru, akasubiri waondoke, akala, akameza dawa yake.

Kisha ulimi ukafa.

Hakuna neno jingine. Asubuhi moja alinipungia mkono pale ukutani akasema, bila kulalamika, "Mwalimu, kahawa imekuwa maji ya moto." Baada ya hapo vikafuata vitu vingine, kimoja kimoja. Pilau, samaki, embe, hata ndimu. Alisema anajua anakula wali kwa sababu anauona. Daktari Didas alimpunguzia dozi kwa muda kisha akamrudisha, akamweleza kwamba kwa wengine hali hiyo hupita mwili ukishaizoea dawa, avumilie. Mzee akasema sawa. Siku zile alikuwa anasema sawa kwa kila kitu. Ukimwuliza umelalaje, sawa. Maumivu, sawa. Zubeida alikuwa ananiambia angependa hata agombane naye kuhusu chumvi, lakini chumvi yenyewe alikuwa haisikii.

Halwa aliendelea kupika. Alikuwa anapima iliki kwa kiganja na zafarani kwa vidole, anaangalia rangi, anasikiliza jinsi sufuria inavyochemka. Na moshi ukawa unamwingia kama zamani. Mimi nikiwa upande wangu nafua, nilikuwa nasikia kikohozi chake kikianza, nikisubiri kiishe, na hakiishi.

Sasa linakuja jambo ambalo Zubeida aliniambia baadaye sana, lakini naliweka hapa, mahali lilipotokea. Kulikuwa na oda ya harusi kutoka Kawe. Mzee alipika, akashusha sufuria, akampelekea mkewe kisahani cha kwanza. Zubeida akala. Halwa ilikuwa nzuri, tena nzuri kuliko nyingi. Akainua macho amwambie, akamwona amejishikiza kwenye nguzo, midomo imekuwa ya kijivu, moshi unamzunguka kichwani, naye hana habari nao. Zubeida akasikia mdomo wake unasema, "Imekataa. Iliki imezidi."

Mzee hakuuliza hata neno. Aliigawa yote. Sahani yangu ilikuja, wajukuu wakaimaliza, nami nikarudisha jibu langu la siku zote, naye jibu lake la siku zote.

Akapika tena. Zubeida akasema samli inanuka moshi. Akapika mara ya tatu. Zubeida akasema sukari haikuiva. Hesabu yake ilikuwa wazi, na mtu asiyejua kuuguza asimcheke. Aliona kwamba mume wake akishaamini mkono wake umekwisha, atautundika mwiko, atakaa kivulini, atameza dawa yake, na ataishi. Na kweli aliutundika. Aliwapigia watu wa Kawe akawaambia watafute mwingine, akaosha sufuria mwenyewe, akaigeuza kifudifudi. Zubeida aliswali rakaa za shukrani.

Lakini Abdulsamad naye alipiga hesabu yake. Mkono ni uleule, kuni ni zilezile, samli anainunua kwa mtu yuleyule. Kilichobadilika ni ulimi, na aliyeubadilisha ni dawa. Akaanza kuvitupa vidonge chooni.

Zubeida alikuwa anamwekea vidonge kando ya sahani, kila mlo. Mzee alikuwa akisema atavimeza akimaliza kula, na mezani vilikuwa havibaki, basi hakukuwa na cha kushuku. Ikapita miezi. Akaanza kumaliza chakula. Akanenepa mashavu kidogo. Siku moja akasukuma bakuli akasema, "Leo bizari umeimwaga yote?" na Zubeida alikuja mbio ukutani kuniita huku kanga inamtoka. "Mwalimu! Amelalamika! Amesikia bizari! Si daktari alisema mwili utaizoea? Umeizoea!" Tulishikana mikono juu ya ukuta kama wasichana. Nilikuwa namwona kila asubuhi amekaa kibarazani anatafuna punje ya iliki, anaitema, anatafuna nyingine, nikadhani anapunguza kichefuchefu.

Ndivyo tulivyokwenda kliniki, tukiwa na furaha. Khulud alikuwa kazini, tukawa watatu. Wakampulizisha kwenye mashine, yule mhudumu akimhimiza puliza, puliza, usiache, Mzee, naye akiacha kabla ya kuambiwa. Didas alitazama majibu, akatazama ya nyuma, akayaweka chini.

"Mzee, pumzi imeshuka," alisema. "Imeshuka sana kuliko nilivyotegemea kwa mtu anayetumia dawa. Dawa unatumia?"

"Anatumia," Zubeida akadakia. "Mie mwenyewe ndo namwekea."

"Nimeacha," Abdulsamad akasema.

Alisema kwa sauti ileile anayoagizia sukari dukani. Zubeida aligeuka akamtazama. Didas akauliza tangu lini.

"Tangu halwa yangu ilipokataliwa mara ya tatu."

Kijana wa watu hakuelewa. Alinitazama mimi, nikamweleza ile desturi ya kisahani kwa kifupi, na nilipokuwa naeleza nilimwona Zubeida ameushika mkoba wake kwa mikono miwili na kuukandamiza tumboni. Nilidhani ni uchungu wa kudanganywa.

"Ungeniambia, Mzee," Didas alisema. "Tungepunguza tena dozi. Tungejaribu ile dawa nyingine, ingawa nayo ina tabu zake za tumbo."

"Na sasa?"

"Sasa yaliyokwenda hayarudi. Ukianza tena leo tunaanzia hapa ulipo, siyo pale ulipoachia. Lakini uanze. Nakuomba."

"Nitaona," Abdulsamad akasema.

Ndani ya bajaji ndipo alipotueleza atakavyoona. Alizungumza kwa vipande, anapumzika katikati. "Jumamosi nitapika. Ulimi umerudi. Ikikataa, basi kosa si la dawa, ni mimi nimezeeka, na nitarudi kwenye vidonge. Ikikubali, nimeshajua. Sivimezi tena. Siwezi kukaa ndani ya mwili usiosikia kitu, Zubeida, nikingoja. Bora siku chache."

Zubeida alikuwa anatazama mgongo wa dereva.

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, alikuja ukutani akanieleza habari ya visahani vitatu. Alisimulia bila kulia, kwa mpangilio, na alipomaliza akaanza kuondoa majani makavu yaliyokuwa juu ya ukuta, moja moja. Mimi damu ilinipanda. Sijui nilimkasirikia nani, yeye, mzee, dawa, au makovu yale yasiyokuwa na sababu. Sikumfokea.

"Mwambie," nikasema.

"Ataninunia mpaka afe."

"Na usipomwambia, atakufa hajakununia. Jumamosi halwa itakubali, Zubeida. Wewe unajua itakubali. Na safari hii ana ulimi wake, humdanganyi."

"Najua."

"Basi mwambie."

"Nimemwekea dawa mezani miezi yote hiyo," akasema, "nikasema bismillah." Akaokota jani jingine. Adhana ikaanza, akaingia ndani.

Jumamosi asubuhi mzee mwenyewe aliniita. "Mwalimu, njoo ushuhudie. Wewe huli, huna upande." Nilizunguka kwa mlangoni, nikapewa kiti. Zubeida alikuwa amemlazimisha avae barakoa, na aliivaa kidevuni. Moto ulishawaka. Alimimina sukari na wanga na maji, akashika mwiko, akaanza, na kwa muda kidogo alikuwa Abdulsamad yule ninayemjua, mabega yote yanafanya kazi. Kisha akasimama. Akakoroga, akasimama. Halwa haisimamishwi, ukiiacha inashika chini. Akaweka mkono kwenye nguzo, kifua kikawa kinapanda na kushuka upesiupesi, na mwiko ukawa umesimama wenyewe katikati ya sufuria.

Zubeida akaushika. Katika nyumba ile mwanamke huhukumu, hakorogi. Mzee alifungua mdomo amkataze, pumzi haikuwapo. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akakaa kwenye kigoda kivulini, mbali na moshi, akaanza kumwelekeza kwa mkono. Baadaye sauti ikarudi. "Kutoka chini. Chini, Zubeida, usiibembeleze." Alikoroga mpaka mtandio ukamlowa mgongoni. Machozi yalimtoka, ya moshi au ya nini, sikuuliza. Mara kwa mara mzee alikuwa anainuka, anaonja kwa ncha ya kijiko, anaongeza zafarani, anaonja tena, anarudi kukaa. Halwa ikaanza kuachana na sufuria, samli ikatoka pembeni. Tukaishusha mimi na Zubeida.

Aliichota mwenyewe kwenye kisahani. Akamimina kahawa. Akampelekea mkewe alipokuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, viganja vyekundu.

"Haya," alisema. "Hukumu."

Alikuwa ameshaionja. Usoni mwake ilionekana. Zubeida akala kipande, akanywa kahawa, akanyamaza.

"Imekubali," alisema.

"Nimeiona. Basi ni dawa."

"Siyo dawa." Akaweka kisahani sakafuni. "Na zile tatu zilikubali."

"Zipi?"

"Zile. Ya Kawe na zilizofuata. Zote zilikubali, baba Khulud. Nilisema uwongo. Nilikuwa naona moshi unavyokuingia, nikasema uwongo ili uache jiko."

Kuni zilikuwa zinaishia. Nilikaa nikisubiri apige kelele, na nilitaka apige, maana ningejua la kufanya, ningesimama katikati yao, ningesema jamani jamani. Hakupiga. Aligeuza viganja vyake akavitazama.

"Kwa hiyo nilipika bila ulimi," alisema, "na ilikubali."

"Ilikubali."

"Mara zote tatu."

"Zote. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko ya leo."

Akatikisa kichwa, vilevile alivyotikisa siku ile kwa daktari. Kisha akauliza, taratibu, "Na ile miezi?" Didas alishatujibu hilo kliniki. Miezi ile ilikuwa imeshakuwa kovu.

"Nitukane basi," Zubeida akasema. "Sema hata neno. Usinikalie hivyo."

"Pumzi niliyobaki nayo si ya kutukania mtu," akajibu. "Kavilete."

Zubeida hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliinuka kwa mikono na magoti, akaenda ndani akijikwaa kizingitini, akarudi na bilauri ya maji na vidonge vimelala kiganjani. Mzee alikuwa amekichukua kisahani kutoka sakafuni. Daktari alisema katikati ya chakula, na chakula kilikuwa hicho. Alikata kipande akala. Zubeida akamsogezea kiganja.

"Ngoja," alisema. "Bado naisikia."

Akakata kingine. Alikuwa anakula polepole, taya zinakwenda kidogo tu, macho kwenye sahani. "Iliki," alisema. Baadaye kidogo, "Zafarani, kwa mbali." Zubeida alikuwa amesimama mbele yake, kiganja wazi, vidonge vimeanza kugandamana na jasho la mkono wake, na hakuthubutu kuviweka chini. Mimi, nisiyekula halwa, nilikaa kwenye kiti changu nikamwangalia anavyokula. Aliongeza sahani ya pili. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alilamba vidole kimoja kimoja, akatazama kama kimebaki chochote, halafu akanyoosha mkono.